Miaka 19 na kampuni ileile ya bima: nifute zote na kuhama?

Swali la msomaji: "Nimekuwa na kampuni moja ya bima kwa miaka 19. Nilianza na bima ya gari, nikaongeza ya nyumba, kisha ya maisha. Wakati huo nilikuwa na wakala wangu. Nikipiga simu anapokea mwenyewe, na hakuwa na haja ya kuniuliza jina. Miaka 3 iliyopita kampuni ilinunuliwa na kundi kubwa. Wakala akaondolewa, ofisi yetu ikafungwa, na sasa kila kitu ni programu ya simu na kituo cha huduma ambako kila nikipiga naanza kusimulia upya. Ada ya gari inapanda kila mwaka ingawa sijawahi kudai. Mwaka huu bomba limepasuka ndani ya ukuta wa jikoni. Wamelipa chini ya nusu ya gharama, wakisema masharti yalibadilika nilipohuisha bima mara ya mwisho, na kwamba maji yalikuwa yakivuja polepole kwa muda mrefu. Nilipowatajia miaka yangu 19, niliambiwa mfumo hauoneshi chochote cha kabla ya kampuni kununuliwa. Nimechoka. Nataka kufuta bima zote tatu siku moja na kuhamia kwingine. Nitakuwa nimefanya sawa?"

Jibu: Hapana. Si zote tatu, na si kwa siku moja. Hasira yako ni ya haki na sikuombi uitulize. Ninachokuomba ni uigawe, kwa sababu ulichoniandikia kama jambo moja ni mambo manne, na kila moja lina kanuni zake. Bima ya gari unaweza kuihamisha, na huenda ingekufaa kuihamisha zamani. Ya nyumba unaweza pia, ila kuna kitu kimoja cha kukagua kwanza. Ya maisha usiiguse kabisa kwa sasa. Na dai la bomba halihusiani na kuhama wala kubaki: dai husimama juu ya mkataba uliokuwa hai siku hasara ilipotokea, na ukihama kesho kampuni hii bado inawajibika kwalo.

Nianze na hiyo miaka 19, maana naona ndiyo iliyokuumiza kuliko fedha. Bima ya gari na bima ya nyumba kwa kawaida ni mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Kila unapohuisha, kisheria unaingia mkataba mpya, hata kama namba ya hati ni ileile na hujasaini kitu. Kwa hiyo uaminifu wako haukuwa umeandikwa popote kwenye mkataba. Uliishi ndani ya kichwa cha wakala wako. Yeye ndiye aliyejua kwamba hujawahi kudanganya, kwamba nyumba yako unaitunza, kwamba ukisema kitu kimeharibika basi kimeharibika. Kampuni iliyomwondoa iliiondoa kumbukumbu hiyo pamoja naye. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi mbaya hata kwa upande wa biashara, kwa sababu mteja anayefahamika kwa miaka mingi ni mteja ambaye hatari yake inapimika vizuri, na kazi nzima ya bima ni kupima hatari. Lakini ubaya wa uamuzi huo haukupi haki ya kudai. Unachoweza kudai ni kile kilichoandikwa, na kile ambacho sheria inalazimisha.

Sasa ada ya gari. Ipo desturi katika biashara hii ambayo wateja wengi wa muda mrefu hawaijui mpaka imewala kwa miaka. Kampuni humvuta mteja mpya kwa bei ya chini, wakati mwingine chini ya gharama yenyewe, kisha humwongezea kidogo kidogo kila mwaka anapohuisha. Programu za kupangia bei hukadiria ni mteja yupi atakayeuliza bei kwingine na yupi atakayelipa tu akiletewa. Anayelipa tu huongezewa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwenye biashara hii mgeni hukaribishwa kwa fedha za mwenyeji.

Nchini Uingereza jambo hili lilichunguzwa na mamlaka inayosimamia huduma za fedha, Financial Conduct Authority. Ilikuta kwamba mwaka 2018 wateja wapatao milioni 6 wa bima za magari na nyumba walikuwa wakilipa bei za juu, na kwamba kama wangelipa wastani unaolingana na hatari yao wangeokoa jumla ya pauni bilioni 1.2 kwa mwaka. Kuanzia Januari 2022 mamlaka hiyo ikapiga marufuku: mteja wa gari au nyumba anayehuisha hawezi kutozwa zaidi ya ambavyo angetozwa kama angekuja mpya kwa njia ileile. Ireland ikafuata kwa kanuni yake Julai 2022. Katika nchi nyingi nyingine marufuku ya namna hiyo haipo, na kimya chako bado kinahesabiwa kuwa ridhaa.

Si kila ongezeko ni la namna hiyo, na nisingependa ukagombane kwa hoja isiyo na miguu. Kampuni za bima nazo hukata bima. Huitwa bima mtawanyo: hasara kubwa hugawanywa kwa kampuni nyingine zilizo duniani kote, kama vile Munich Re na Swiss Re, na mikataba mingi ya aina hiyo huhuishwa tarehe 1 Januari. Kimbunga kikubwa upande mmoja wa dunia hupandisha bei upande mwingine kwa njia hiyo. Kimbunga Andrew kilichopiga Florida Agosti 1992 kilifilisi kampuni kadhaa na kubadilisha namna sekta nzima inavyokadiria majanga. Magari nayo yamebadilika. Bampa ambayo zamani ilikuwa kipande cha plastiki sasa hubeba vihisi na kamera, na kugongwa kidogo tu wakati wa kuegesha huleta bili ambayo zamani ingetosha kwa ajali ya maana. Ongezeko linalotokana na sababu hizi humpata kila mteja, mpya na wa zamani.

Kujua lako ni la aina gani si kazi ngumu. Omba bei kwa kampuni yako mwenyewe kama mtu anayekuja leo, kwa gari lilelile, dereva yuleyule, kinga ileile, na kiwango kilekile cha hasara unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Jibu maswali kwa ukweli, na wakikuuliza kama una bima kwao, sema ndiyo, usibuni mtu. Kisha linganisha na notisi yako ya kuhuisha. Bei ya mgeni ikiwa chini kwa kiasi cha kueleweka, umepata ushahidi ulio mkononi. Wapigie, wataje takwimu hizo mbili, uulize tofauti inatokana na nini. Mara nyingi bei hushuka kwenye simu hiyohiyo. Mimi hilo halinipendezi, kwa sababu bei inayoshuka kwa kulalamika ilikuwa kubwa kupita haki tangu mwanzo, lakini fedha ni zako na unazihitaji.

Nije kwenye bomba, kwa sababu hapa naona una nguvu kuliko unavyodhani. Nimefanya kazi ya madai kwa miaka mingi, na barua ya kukataa yenye sababu mbili huwa naisoma kwa makini zaidi kuliko yenye sababu moja. Wewe umepewa mbili: masharti yalibadilika kwenye uhuishaji wa mwisho, na maji yalivuja polepole kwa muda mrefu. Ziweke pamoja. Kama kweli yalivuja kwa muda mrefu, yalianza lini? Ikiwa yalianza kabla ya siku ya uhuishaji, basi sehemu ya hasara, na pengine sehemu kubwa, ilitokea chini ya mkataba wa mwaka uliotangulia, ambao kwa maelezo yao wenyewe haukuwa na sharti hilo jipya. Ikiwa yalianza baada ya uhuishaji, huo "muda mrefu" ni upi? Hawawezi kuushika uvujaji wa zamani kwa mkono mmoja na sharti jipya kwa mkono mwingine bila kutaja tarehe. Kwa hiyo swali la kwanza la barua yako ni hili: mkadiria hasara wenu anasema uvujaji ulianza tarehe gani, na amelijuaje hilo? Nakala ya mkataba wa mwaka uliotangulia uitafute pia uisome kuhusu maji. Kama nao ulikuwa na kizuizi cha uvujaji wa polepole, yaani kifungu kinachosema hasara ya namna hiyo hailipwi, hoja hii inapungua nguvu, na ni afadhali ujue mapema.

Swali la pili ni kuhusu sharti lenyewe. Walikujulishaje? Mara nyingi mabadiliko hupelekwa kama kiambatisho cha barua pepe chenye kurasa nyingi, juu yake pameandikwa maneno mazuri ya kuboresha huduma, na sentensi inayokupunguzia kinga imelala katikati. Katika majimbo mengi ya Marekani mahakama zimeshikilia kwamba kampuni inayopunguza kinga wakati wa kuhuisha bila kumfahamisha mteja waziwazi haiwezi kulitumia punguzo hilo dhidi yake. Hubaki imefungwa na masharti ya zamani. Mamlaka za usimamizi kwingineko huwa na kanuni za kutaka mteja aelezwe mabadiliko makubwa kwa namna inayoeleweka. Iulize mamlaka ya bima ya nchi yako ina kanuni gani kuhusu notisi za kuhuisha. Na uiombe kampuni ikuletee notisi yenyewe, tarehe iliyotumwa, na mahali hasa ambapo badiliko hilo limeoneshwa. Sharti likiwa na maneno yenye utata, kanuni ya kale ya mikataba husema utata husomwa dhidi ya aliyeandika, na aliyeandika si wewe.

Jambo la tatu ni nani anayepaswa kuthibitisha. Kwa kanuni ya jumla katika nchi zinazofuata sheria za asili ya Kiingereza, wewe unathibitisha kwamba umepata hasara ya aina inayokingwa, yaani maji yametoka kwenye bomba na yameharibu nyumba. Kampuni ikisema hasara hiyo imeangukia kwenye kizuizi, mzigo wa kuthibitisha kizuizi ni wake. Si juu yako kuthibitisha kwamba maji hayakuvuja polepole. Hata hivyo ushahidi ulio nao usiuache ukaoza. Bili za maji za miezi ya karibuni ni ushahidi mzuri mno: uvujaji wa polepole huonekana kama matumizi yanayopanda taratibu, na mpasuko huonekana kama mruko wa ghafla katika bili moja. Fundi bomba aliyefungua ukuta akuandikie alichokuta, kwa lugha yake ya kawaida, na tarehe. Kipande cha bomba kilichopasuka kama bado kipo, kihifadhi. Umbo la ufa hueleza mengi kwa mtu anayejua kusoma chuma. Picha zilizo kwenye simu zinabeba tarehe, kwa hiyo usizitume tu, zitunze zikiwa katika simu ulimozipigia.

Kuna karatasi moja inanitia wasiwasi. Ulipopokea hiyo nusu, ulisaini nini? Kampuni nyingi hutoa fomu ya kukiri malipo yenye maneno kwamba fedha hizo ni malipo kamili na ya mwisho. Kama umesaini hiyo, njia haijafungwa kabisa, lakini imekuwa nyembamba, na utahitaji mwanasheria aitazame. Kama hujasaini, usisaini. Fedha unaweza kuzipokea kwa kuandika kwamba unazipokea kama sehemu ya malipo, bila kuacha haki yako ya kudai kilichobaki.

Barua iwe fupi. Taja namba ya hati na namba ya dai, eleza hasara kwa sentensi mbili, omba sababu za kukataa kwa maandishi pamoja na kifungu kilichotumika neno kwa neno, ripoti kamili ya mkadiria hasara, tarehe ambayo uvujaji unadaiwa kuanza, na notisi ya badiliko la masharti. Andika waziwazi kwamba hilo ni lalamiko rasmi, kwa sababu neno hilo huifanya kampuni iingize barua yako kwenye daftari ambalo mamlaka hulikagua, nayo huanza kuhesabiwa siku. Uingereza, kwa mfano, kampuni huwa na wiki 8 kutoa jibu la mwisho. Baada ya hapo mteja anaweza kwenda bila malipo kwa Financial Ombudsman Service, na ana miezi 6 ya kufanya hivyo tangu apate jibu hilo. Nchi nyingi zina msuluhishi wa migogoro ya bima au dawati la malalamiko ndani ya mamlaka ya bima, kila mmoja na muda wake. Mikataba mingine huweka pia muda wa kwenda mahakamani ambao ni mfupi kuliko ule wa sheria za kawaida. Utafute muda huo kwenye hati yako leo. Nimeona madai ya haki kabisa yakifa kwa sababu mwenye haki aliendelea kupiga simu kituo cha huduma kwa mwaka mzima akiamini mazungumzo hayo yalikuwa yakihesabika.

Miaka 19 usiiweke kwenye barua hiyo. Najua inauma kuiacha. Lakini msuluhishi atakayeisoma atapima vifungu na tarehe, na hoja ya uaminifu ikitangulia huifanya barua ionekane ya kuomba huruma, ilhali wewe unadai haki.

Bima ya maisha sasa, na hapa nazungumza kwa msisitizo. Huu ni mkataba wa miaka mingi, si wa mwaka mmoja. Bei yake ilipangwa kwa umri na afya uliyokuwa nayo siku ulipoanza. Ukiufuta na kukata mpya, utapimwa kama mtu mwenye umri wa leo, na ugonjwa wowote uliojitokeza katikati, hata shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa kidonge, unaweza kupandisha ada au kuwekewa kizuizi. Zaidi ya hapo, mkataba mpya huanza upya vipindi ambavyo wa zamani ulishavivuka. Kwa kawaida nchini Marekani kampuni ina miaka 2 ya mwanzo ya kuchunguza na kupinga dai kwa kosa la maelezo kwenye fomu. Kwingine vipo vipindi vya kungoja kabla kinga haijakamilika. Mkataba wako wa zamani umeshayapita hayo yote. Na kama una sehemu ya akiba, fedha utakazorudishiwa ukikatisha huweza kuwa pungufu kuliko ulizochangia, na makato hayo hayarudi.

Ujue pia kwamba anayekushawishi ubadilishe bima ya maisha mara nyingi hulipwa kamisheni kubwa kutokana na ada za mwaka wa kwanza. Si kila anayeshauri hivyo ana nia mbaya, lakini mwambie akuwekee mikataba miwili sambamba kwa maandishi, wa zamani na mpya, na aeleze utapoteza nini. Anayesitasita kuandika umeshamjua.

Kampuni kununuliwa hakuubadilishi mkataba huu. Mnunuzi huchukua ahadi pamoja na fedha zilizotengwa kuzilipa. Uingereza, kampuni ikitaka kuhamishia mikataba yake kwa kampuni nyingine, chini ya sheria ya masoko na huduma za fedha ya mwaka 2000 lazima mahakama iridhie, na mtaalamu wa kujitegemea huandika ripoti kuhusu athari kwa wateja. Kwingine kibali hutolewa na mamlaka. Kitu kinachoweza kuharibika kwenye ununuzi ni kumbukumbu, na ndiyo sababu sentensi moja katika barua yako imenishtua kuliko ile ya bomba: kwamba mfumo hauoneshi chochote cha kabla ya kununuliwa. Kwa bima ya gari hilo ni usumbufu. Kwa bima ya maisha ni hatari, kwa sababu siku hati hiyo itakapohitajika wewe hutakuwepo kubishana.

Kwa hiyo waandikie barua ya pili, tofauti kabisa na ile ya bomba, uombe taarifa iliyothibitishwa ya bima yako ya maisha: tarehe ilipoanza, kiasi kilichokatiwa bima, ada zote zilizopokelewa tangu siku ya kwanza, akiba au bonasi iliyokusanyika, na majina ya wanufaika kama yalivyo kwenye kumbukumbu zao sasa. Majina hayo yakague herufi kwa herufi. Wanufaika hupotea au huachwa wa zamani pale data inapohamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na familia huja kugundua wakati mbaya. Wakikosa kukupa taarifa hiyo, hilo nalo ni lalamiko rasmi. Wajibu wa kutunza kumbukumbu ni wa kampuni, na stakabadhi zako za zamani na taarifa za benki zitaziba pengo.

Umri wa kampuni usikufariji wala usikutishe katika hili. Equitable Life ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1762 na ilikuwa ikimilikiwa na wateja wake wenyewe. Iliwaahidi baadhi yao viwango vya uhakika vya pensheni, kisha ikajaribu kuvikwepa kwa kuwapunguzia bonasi. Julai 2000 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikaamua kwamba haikuwa na haki ya kufanya hivyo. Fedha za kutimiza ahadi hizo hazikuwepo, na Desemba mwaka huohuo ikaacha kupokea wateja wapya. Ukitaka kujua kama kampuni yako itaweza kukulipa, tazama ripoti zake za uwezo wa kulipa madai ambazo mamlaka huzitaka kila mwaka, si mwaka ilioanzishwa.

Kwenye nyumba, kitu nilichosema ukikague ni kiasi ulichokatia bima. Wateja wa muda mrefu hunaswa hapa kuliko wengine. Wakala mzuri hukukumbusha kupandisha kiasi hicho kila baada ya muda. Programu ya simu huenda isikuulize. Ikiwa gharama ya kuijenga upya nyumba yako leo ni 100 na wewe umeikatia bima ya 60, kampuni nyingi hutumia kanuni ya uwiano: ukipata hasara ya 10, hulipwa 6, hata kama 10 ni ndogo kuliko 60. Hoja ya kampuni ni kwamba ulilipia sehemu tu ya hatari. Angalia kama malipo yako ya bomba yalikatwa pia kwa sababu hii bila wewe kuelezwa. Kadirio liwe la gharama ya ujenzi, si bei ya kuuzia. Thamani ya kiwanja haiungui wala hailowi. Ukishapata kadirio hilo jipya ndipo uombe bei kwingine, la sivyo utakuwa unahamisha upungufu uleule.

Ukihama, kwa gari au nyumba, utajibu maswali upya kwa mtu asiyekujua. Mwaka 1766 Jaji Mansfield wa Uingereza, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, alieleza kwamba bima ni mkataba wa nia njema kwa pande zote mbili, kwa sababu upande mmoja ndio unaojua habari muhimu. Sheria za nchi nyingi bado zimejengwa juu ya fikra hiyo. Utaulizwa madai ya nyuma. Litaje la bomba, hata kama hujalipwa lote na hata kama bado mnabishana. Anayelificha kwa hofu ya bei humpa kampuni mpya sababu ya kukataa dai lake la kwanza. Omba pia kwa kampuni ya sasa barua ya kuthibitisha miaka yako bila dai la gari, kwa sababu punguzo hilo ni lako na kampuni nyingi nyingine hulikubali. Hapo ndipo miaka 19 inapokuwa na thamani ya fedha, na ndipo mfumo usioonesha ya nyuma unapokugharimu. Iombe sasa, kabla hujawa mteja anayeondoka. Kisha hakikisha bima mpya imeanza kabla ya ile ya zamani kuisha, saa na siku, na ufute agizo la benki la malipo ya kujirudia ukiwa tayari na hati mpya mkononi.

Kuhusu kumkosa wakala wako: alikuwa mtu mwema kwako, lakini kisheria wakala hufanya kazi kwa niaba ya kampuni. Kama unachokikosa ni mtu anayekujua, tafuta dalali wa bima aliyesajiliwa. Yeye humwakilisha mteja, anaweza kuuliza bei kwa kampuni kadhaa, na kampuni ikibadilika anahama na wewe. Muulize analipwaje na nani husimamia madai yako hasara ikitokea. Dalali anayekuuzia hati kisha akakupa namba ya kituo cha huduma hajakuondolea tatizo lako.

Inawezekana baada ya haya yote ukaona bei yao ya nyumba si mbaya, au kwamba wengine nao wana sharti lilelile la maji. Ukibaki kwa sababu hiyo, ni sawa kabisa. Ukibaki, kila badiliko la nyumba au gari uwapelekee kwa maandishi na uhifadhi nakala, kwa kuwa sasa kumbukumbu ya mahusiano yenu unayo wewe peke yako.

Barua ya bomba ipeleke wiki hii, ile ya bima ya maisha iifuate mara moja. Gari na nyumba zingoje tarehe zao za kuhuisha, kwa sababu kampuni nyingi hazikurudishii ada yote iliyobaki ukikatisha katikati ya mwaka, na kukatisha bima ya nyumba wakati dai lake liko wazi huleta maswali ambayo huyahitaji. Anza kuuliza bei wiki 3 au 4 kabla ya tarehe hiyo. Katika baadhi ya masoko anayekuja siku ya mwisho hutozwa zaidi, na wewe utahitaji siku kadhaa za kusoma sura ya maji kwenye kila hati utakayoletewa kabla hujaangalia bei.